Kipaumbele ni Kilicho Mbele ya Mlango

Ukitaka kufungua mashine ya kusaga hapa Dodoma, nakushauri jambo moja: usiifungue mkabala na ofisi ya wakaguzi. Mimi sikujua. Nilipokuwa natafuta chumba Chang'ombe, mwenye nyumba alinisifia umeme, akanisifia barabara, akamalizia kwa majirani, kwamba ng'ambo tu hapo kuna ofisi ya serikali, kwa hiyo wezi hawasogei. Kuhusu wezi alisema kweli.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga kama yangu, tofauti ni bendera na benchi la wageni. Kazi yao ilikuwa kukagua biashara: leseni, mizani, usafi, vifaa vya moto, na mengine yaliyokuwa yanaongezeka kila mwaka wa fedha. Eneo lao lilikuwa kubwa, lakini kila asubuhi baada ya chai walitoka barazani, wakanyoosha viungo, wakatazama mbele. Na mbele yao nilikuwa mimi, kushoto kwangu kinyozi, kulia kwangu mama wa chipsi. Basi wakavuka barabara.

Sidhani kama nchi hii imewahi kuwa na kinyozi aliyekaguliwa kuliko yule jirani yangu. Ilifika mahali akiwaona tu wanavuka, anamwacha mteja nusu kichwa, anawapelekea mashine ya kunyolea na chupa ya spiriti mlangoni ili wasisumbuke kuingia. Mama wa chipsi yeye alijifunza kukaa kimya na kuwafungia sahani. Mimi nilikuwa na mdomo, na mdomo ulinigharimu.

Chukua habari ya ndoo ya mchanga. Alikuja mmoja akaniambia sheria ya moto inataka ndoo ya mchanga, nyekundu. Nikapaka rangi, nikajaza mchanga. Akaja wa pili akasema mchanga umechanganyika na kinyesi cha kuku, ndoo ifunikwe. Nikanunua mfuniko. Akaja wa tatu, akautazama mfuniko kwa huzuni, akaniuliza kama moto ukiwaka nani atakuwa na muda wa kufunua. Nilimjibu kwamba moto ukiwaka nitakimbilia kwao ng'ambo, maana ndio wenye muda. Aliandika jambo refu kwenye karatasi yake, na wiki ile nilikaguliwa hadi choo.

Halafu ikaja semina. Tuliitwa ukumbini wafanyabiashara wote wa eneo, na mtaalamu kutoka makao makuu akapanda jukwaani akatusalimia "Mbukwenyi!" kwa sauti ya mtu aliyejifunza neno hilo kwenye gari. Wagogo walimwitikia kwa heshima, kama wanavyowaitikia wageni wote. Akasema rasilimali ni chache, wakaguzi ni wachache, kwa hiyo kuanzia sasa ukaguzi hautakuwa wa kubahatisha, utafuata kipaumbele. Biashara zimegawanywa kwa rangi. Nyekundu ni zile zinazoweza kuua watu, hizo zitakaguliwa kwanza na mara nyingi. Njano zitafuata. Kijani zitaachwa zipumue.

Lazima niseme ukweli, nilimwelewa na nikampenda. Mfano wake wa kwanza wa nyekundu ulikuwa maghala ya nafaka, kwa sababu ya sumukuvu, ule ukungu unaoingia kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Huku kwetu uwanda wa kati hakuna haja ya kumfundisha mtu sumukuvu ni nini, watu wameshazika. Mashine za kusaga zikawa njano. Vinyozi wakawa kijani, na jirani yangu alipiga makofi mpaka soda yake ikamwagika. Tulikula sambusa, tukapiga picha ya pamoja, tukarudi nyumbani tukiamini serikali imetuona.

Jumatatu yake wakavuka barabara wakaingia kwa kinyozi.

"Jamani, si mimi ni kijani?" aliwauliza.

"Wewe ni kijani, ndiyo," alijibu afisa mmoja kijana, mwenye tai, ambaye nitamtaja sana humu. "Ila nyekundu ziko mbali."

Siku hiyo ndipo nilipolielewa neno kipaumbele. Nilikuwa nalisikia redioni miaka yote nikidhani lina maana ya ndani sana. Kumbe neno linajieleza lenyewe: ni kukipa mbele. Na kwa wenzetu mbele ilikuwa mbele ya mlango. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, lakini huu wa kwetu ulikuwa umeng'oka meno ya nyuma.

Msidhani hawakuwa na gari. Walikuwa nalo, pikapu nyeupe yenye neno UKAGUZI ubavuni, limeegeshwa pembeni ya ofisi. Lilitoka kupeleka viti kwenye sherehe, kupokea wageni wakati wa bunge, na kusindikiza misiba ya watumishi, jambo ambalo silipingi. Kwa ukaguzi halikutoka kwa sababu mafuta ya robo mwaka yalikuwa yameishia kwenye uzinduzi wa mpango wa vipaumbele. Kijana wa tai aliniambia mwenyewe, bila kucheka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mpishi mkuu wa shule moja ya bweni nje kidogo ya mji alikuwa mteja wangu wa miaka. Alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyekuja na mahindi ya shule kwenye guta la matairi matatu, nayakoboa na kuyasaga huku tukipiga soga, anaondoka na unga. Ni shule ya wasichana. Binti yangu wa mwisho alikuwa kidato cha pili pale, kwa hiyo unga ule niliuangalia kwa macho ya mzazi.

Jumatatu moja alikuja na magunia mapya. Nilipofungua la kwanza, harufu ya godoro lililonyeshewa ikanipiga usoni. Nilichota kiganjani. Punje nyingine zilikuwa za kijani, nyingine nyeusi kwenye kiini, nyingine ukiziminya zinatoa vumbi.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Mzabuni mpya huyo. Ghala lake liko Nzuguni," alisema bila kunitazama. "Koboa tu, mama. Ukishakoboa hayaonekani."

"Hayaonekani na nani?"

Mpishi hakuwa mtu mbaya. Yeye huletewa mzigo akaambiwa apike. Nilifungua gunia la pili na la tatu, na yote yalikuwa yale yale. Nikamwambia sikoboi, sisagi, na kama ananipenda asiyapeleke kwa mwingine. Akasema unga uliobaki stoo utawafikisha Ijumaa, baada ya hapo wasichana watakula nini? Nilimwomba aniachie sado moja ya mahindi yale, ile ndoo ndogo ya kupimia, akanimiminia, akaondoka na magunia yake.

Nilimpigia mkuu wa shule. Ni mwalimu mwenye sauti ya upole, ambayo ndiyo inayonitia hasira nikiikumbuka. Akaniambia mzabuni amepitishwa na kamati, na yeye hawezi kurudisha mzigo kwa sababu mama mwenye mashine amesikia harufu. "Niletee neno la mkaguzi," alisema, "hata mstari mmoja, nami nitayarudisha siku hiyo hiyo."

Basi mambo yakawa mepesi kabisa. Nilihitaji mkaguzi mmoja aseme mahindi ni mabovu kabla ya Ijumaa, watoto wasiyale. Na wakaguzi nilikuwa nao ng'ambo ya barabara, wamekaa barazani wanatafuna karanga. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kupanga pale.

Jumanne asubuhi nilivuka mimi. Walishtuka, maana walizoea kuvuka wao. Kijana wa tai alinikaribisha kwa adabu, "Shikamoo mama," nikaitikia, nikaweka sado mezani. Akachungulia, akarudisha kichwa nyuma haraka.

"Mama, hii ni nyekundu kabisa!" alisema, na uso wake uling'aa kwa furaha ya mtu aliyeona kwa macho kitu alichokisoma darasani.

"Basi niandikie mstari mmoja."

"Hapana, hii ni sampuli yako wewe. Sampuli rasmi anaichukua afisa mwenyewe, kwenye chanzo."

"Chanzo kiko Nzuguni. Na magunia mengine yako shuleni."

"Shule si biashara, mama. Sisi tunakagua biashara. Twende Nzuguni." Akatazama pikapu dirishani. "Ulete usafiri."

Asiyeishi nchi hii anaweza kudhani nilikasirika. Wala. Huo ndio utaratibu, kila mtu anaujua. Ukiibiwa, unamfuata askari kwa bodaboda yako. Ukiwa na mgogoro wa kiwanja, unampeleka mpimaji na kumrudisha. Nilisema bajaji ipo, twende sasa hivi. Akasema leo mkuu wa kitengo hayupo. Kesho je? Kesho walikuwa na kikao cha vipaumbele, siku nzima. Tukakubaliana Alhamisi.

Alhamisi nilikuwa na bajaji mlangoni kwao kabla hawajanywa chai, nikasubiri wanywe. Mkuu wa kitengo alikuwa bwana mkubwa wa mwili na wa sauti, mwenye mkoba mweusi aliokuwa akiupakata kama mtoto. Tuliketi watatu nyuma, mimi katikati, tai upande huu, mkoba upande ule. Nilimwambia dereva, moja kwa moja Nzuguni, asisimame popote.

Hatujamaliza mtaa, mkuu akamgusa dereva begani. "Simama hapo kidogo." Ilikuwa genge la nyanya. "Kwa kuwa tumeshatoka," alinieleza kwa upole, "tuitumie rasilimali vizuri."

Rasilimali ilikuwa bajaji yangu. Wakashuka wakaomba leseni. Baada ya genge likaja duka la vipodozi, baada ya vipodozi fundi viatu aliyekuwa ametandika gunia chini ya ukuta. Tulipofika Majengo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke, kwa sababu pale ndipo ninaponunulia mahindi yangu, na wauza nafaka wote wananijua. Waliniona nimeketi kwenye bajaji katikati ya wakaguzi. Waliona wakaguzi wanashuka, wanapima mizani yao, wanawaandikia makaratasi, kisha wanarudi kuketi kando yangu.

"Kumbe ni wewe unayewaleta?" aliniuliza mama mmoja ambaye nimemzika naye mumewe. Nikamwambia tunaenda Nzuguni. "Nzuguni ndiyo hii?" Akageuka akatema mate pembeni. Na kwa kweli niliwaleta mimi.

Njaa ikawauma. Wakaingia kwa mama lishe mmoja, wakamkaripia kwa kukosa kofia na kwa kuacha mboga wazi, wakamwandikia karatasi, kisha wakavuta viti wakaagiza wali maharage. Yule mama aliwapakulia kutoka kwenye ile ile mboga ya wazi. Kijana wa tai aliomba aongezewe mchuzi. Mimi sikula, nilisimama nje na dereva nikitazama jua, na dereva akaniambia, "Mama, hawa leo hawafiki."

Walifika, ila jua lilikuwa limeshaelemea upande wa pili. Ghala lile lina ukuta mrefu na geti la bluu. Mlinzi alifungua kidirisha, na kupitia kidirisha hicho niliona uani turubai zimetandazwa, mahindi yameanikwa, na kina mama wenye mafagio wanachanganya lundo jeusi na lundo jeupe kwa utulivu kabisa. Nilimvuta kijana wa tai mkono nikamwonyesha. Na yeye aliona. Siku zote nitasema hivyo, aliona.

"Bosi hayupo," alisema mlinzi. "Mna barua?"

Nilitegemea mkuu wa kitengo atoe ile sauti aliyomtolea mama lishe. Badala yake alikohoa, akafungua mkoba, akanieleza kwamba kwa biashara ndogo wanaingia wakati wowote, ila eneo kubwa la uwekezaji linapewa kwanza taarifa ya wiki moja, ili mwekezaji asisumbuliwe na aweze kujiandaa.

"Ajiandae na nini? Si ndio hao wanajiandaa!" Nilishapandisha sauti. "Kesho ni Ijumaa! Kesho watoto wanapikiwa haya!"

"Mama, punguza munkari. Sheria ina hatua zake."

Akaandika taarifa juu ya goti, akampa mlinzi. Mlinzi akaikunja akaitia mfukoni, akatuletea soda za baridi kwa niaba ya bosi. Walikunywa wamesimama. Yangu nilimpa dereva.

Tukapanda bajaji tukarudi. Karibu na Chang'ombe mkuu wa kitengo alimsemesha kijana juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni mto wa kiti. Taarifa ya siku lazima iende juu jioni hii, alisema, na wamepata kijani nyingi, njano kadhaa, lakini nyekundu hakuna hata moja. Makao makuu wataulizia nyekundu. Kijana alitikisa kichwa kwa masikitiko. Tukashuka mlangoni kwangu, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, wakaingia.

Sado ilikuwa juu ya rafu, mahali nilipoirudisha Jumanne. Mkuu aliinusa, akageuka taratibu.

"Hiki ni nini?"

"Si ndiyo ile sampuli? Niliwaletea mezani kwenu juzi, muulize kijana wako."

Kijana alitazama viatu vyake. "Juzi ulituletea, mama," alisema. "Leo tumeikuta."

Nilicheka. Nilidhani ni utani, na kama si njaa na jua ningeona kuwa si utani. Waliandika: mahindi yenye ukungu yamekutwa ndani ya eneo la kusaga chakula cha binadamu. Wakaandika rangi: nyekundu. Walipiga picha sado yangu ikiwa imewekwa juu ya meza, kijana kashika rula pembeni yake, na mkuu akasema kwa fahari kwamba sasa kazi imefanyika. Mlango ukafungwa kwa utepe na muhuri. Nilitukana siku ile matusi ambayo mama yangu hakunifundisha, na mtaa mzima ulitoka kusikiliza. Kinyozi alijifungia ndani.

Ijumaa shule ikasagisha mahindi yake kwenye mashine nyingine. Nilimpigia mkuu wa shule kumsihi kwa mara ya mwisho. Alikuwa na sauti ile ile ya upole.

"Mama, nimesikia kwamba mahindi mabovu yamekutwa kwako," alisema. "Ni bahati tuliwahi kuyaondoa ya kwetu hapo kwako."

Jumamosi nikaenda kumchukua mwanangu. Nilipewa fomu ya ruhusa, sababu nikaandika ugonjwa, maana mwalimu wa zamu alinishauri kwamba chakula si sababu. Binti alikuja na begi lake amenuna. Alikuwa na majaribio wiki inayofuata na hakuelewa kwa nini anaondolewa hali haumwi. Nilimuuliza jana usiku wamekula nini. Akasema ugali, una uchungu kidogo, lakini dada wa kidato cha nne wamewaambia waumeze na maji mengi, utazoeleka.

Bajaji ilipita mbele ya bwalo wakati kengele ya chakula cha mchana inalia. Wasichana walikuwa wamepanga foleni ndefu, kila mmoja na sahani yake, wengine wakipiga sahani kwa vijiko wakiimba. Walipomwona binti yangu walimpungia mikono na kumwita kwa majina ya utani. Yule mpishi alikuwa mlangoni na mwiko. Aliniona, akainamisha kichwa akarudi ndani.

"Mama," binti akasema, "na wenzangu?"

Mimi nina mdomo, nimeshawaambia. Nimewajibu wakaguzi, wenye nyumba na wakwe. Nilimgusa dereva begani nikamwambia aongeze mwendo.